Nilimzushia panya mwanamke niliyemfundisha kuuza duka

Admin naomba ufiche jina langu, na mtaa usiutaje, maana hapa Makambako tunajuana hadi kwa kikohozi. Kamwene wote mnaosoma. Mimi ni bibi wa miaka sitini na nane, mjane, nimeishia darasa la nne, kwa hiyo atakayecheka mwandiko wangu akacheke kwao.

Nina duka. Siyo kibanda, ni duka, kaunta yake alipiga randa marehemu mume wangu kwa mkono wake. Nauza kwa kupima: maharage, mafuta ya kula, sukari, dagaa. Nikishakupimia nakuongezea konzi moja, hiyo ni nyongeza yako. Kwangu mimi kumpimia mtu ukamwacha hivyohivyo ni kama umemtukana. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba ikikaza naweka jiko la mkaa mlangoni, watu wanaota moto, wanapashana habari, wananunua. Mtaa mzima ulikuwa kwangu. Nasema ulikuwa.

Sasa huyo mwanamke nitamwita Mama Tumaini, siyo jina lake. Alikuja kutoka Manda akiwa binti, ana ndoo ya dagaa wa Nyasa kichwani, hapa hamjui hata mtu mmoja. Nani alimpa pa kulala? Mimi. Nani alimfundisha kupima, kumtuliza mteja mkorofi, kuutambua mchele uliolowanishwa ili uwe mzito? Mimi huyuhuyu. Alikaa kwenye kaunta yangu miaka minne, akaolewa, nikamvika kitenge kipya akaenda zake.

Mwaka juzi akarudi na mumewe wakajenga ng'ambo ya barabara, mlango wake unatazamana na wangu. Duka la kujihudumia. Vigae chini, taa zinawaka mchana kweupe, mtu anashika kikapu anazunguka mwenyewe anaokota vitu kama mwizi, halafu mashine inamtemea karatasi. Nikasema haya ni ya Dar, watu wetu hawawezi. Wakaweza! Walivuka barabara kama ng'ombe waliosikia chumvi.

Wivu ulinikondesha, siwafichi. Kutwa nakaa kwenye stuli natazama mifuko inayotoka kwake. Mwenzangu wa kwaya, Mama Ezekieli, ananunua kule halafu akipita mlangoni kwangu anaficha mfuko chini ya kitenge. Siku moja nikamwita, "We Mama Ezekieli! Hiyo mimba uzeeni umepewa na nani?" Akacheka kwa aibu, "Jamani bibi, ni sukari tu, kule ipo ya ofa." Mimi nikacheka pia. Alipoondoka nililia.

Ndipo nikafanya lile jambo. Tulikuwa kwenye jumuiya, sala imeisha, tunakunywa chai, wanawake wakaanza kumsifia Mama Tumaini. Mara mchele wake hauna jiwe, mara ana lugha nzuri kwa wateja. Lugha hiyo nimemfundisha mimi! Moyo ukaniwaka, nikasikia mdomo wangu unasema, "Mchele safi? Mimi nimeona panya amelala juu ya gunia mle ndani, mkubwa kama paka, kwa macho yangu haya."

Sikuona panya. Sijawahi hata kukanyaga mle ndani.

Kufika siku ya mnada panya alishazaa. Mmoja anasema walikuwa watatu, mwingine anasema shangazi yake kakuta mkia kwenye unga. Bwana afya akaja, vitu vyote vikatolewa nje vikapangwa barabarani, watu wamesimama wanatazama kama msiba. Hakukutwa kitu. Lakini wateja walishakimbia. Na mnadhani walirudi kwangu? Thubutu! Walinipita wakaenda kwenye duka kubwa jingine kule stendi. Mimi nimebaki na stuli yangu, siku hiyo nimeuza kiberiti na mshumaa.

Jumatano iliyopita mchana Mama Tumaini akavuka barabara. Akakaa juu ya gunia langu la maharage kama zamani, akalia. "Mama, nimemkosea nani mji huu?" Nikamjibu, "Mwanangu, watu wana roho mbaya." Mimi ndiye niliyesema hivyo, kwa mdomo uleule.

Akafuta machozi, akasema, "Mama, hata kabla ya haya wateja kila siku walikuwa wananiomba niwapimie robo na nusu robo, na mimi mkono wa kupima kama wako sina. Funga hapa uhamie kwangu. Nakupa kona ya mbele, weka maharage yako na dagaa wako, faida ni yako. Na wakikuona wewe umekaa mle, nani atasema tena kuna panya?"

Jamani. Nilimwambia nitamjibu Jumapili tukitoka kanisani.

Wanangu, ile kona naitaka. Naitaka hadi naiota. Hapa nilipo duka langu limekufa, bado kulizika tu. Na wivu haujaisha, msinidhanie malaika, namwonea wivu hata ule moyo wake wa kunikaribisha. Nikihamia nikanyamaza, nitakuwa nimekaa mle kama ushahidi wa usafi wake, na mchafu ni mimi. Nikimwambia ukweli, kona imekwenda, jumuiya nitaingia kwa uso gani, na yeye ndiye pekee mtaa huu ambaye kila asubuhi anavuka kunisalimia, "Mama umeamkaje?"

Na yule wa kuniambia "bibi omba toba tu kwa Mungu" akae kimya. Mungu nimeshaongea naye, naona ananiuliza mbona sijavuka barabara. Ninyi mlio na akili nawauliza, Jumapili ndiyo hiyo inakuja: niseme kwanza, au nihamie kwanza? Nishaurini kabla sijakosea mara ya pili.