Isale la Kila Wiki

Nianze kwa kumtendea haki: hakuwahi kuninyanyulia mkono. Nasema hivyo kwa sababu enzi hizo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mtu akitaka kumjua mume mbaya katika mitaa yetu ya Moshi aliuliza mambo mawili tu: analewa? anapiga? Wangu hakulewa wala hakupiga. Alikuwa karani katika kiwanda cha kukoboa kahawa, mtu wa shati lililopigwa pasi na sauti ya chini, na jioni alijitolea kufundisha kisomo cha watu wazima pale Njoro tulikopanga. Akina mama waliokuwa wanashika kalamu kwa mara ya kwanza maishani walimpenda mno. Mmoja wao, jirani yetu aliyekuwa akiuza maziwa, aliniambia nimeokota dhahabu. Nilimwitikia, maana hata mimi nilikuwa najiambia hivyo hivyo kila asubuhi.

Nilikuwa nimetoka kwetu Kilema, kwenye kihamba cha marehemu baba, shamba la ukoo lenye migomba na mibuni mpaka mlangoni, nikiwa binti mchangamfu na mwenye mdomo. Naomba niaminiwe kwa hilo, maana aliyenikuta mwaka wa tatu wa ndoa yangu asingeamini. Nilikuwa naimba kanisani, nawatania shangazi zangu mpaka wanashika mbavu, na nilikuwa nimemaliza darasa la nane, jambo ambalo kwa msichana wa mlimani halikuwa dogo. Nilipoolewa nilishuka mjini na kipande cha shina la isale nimekifunga ndani ya gunia lililoloweshwa maji. Kwetu, nyumba isiyo na isale haijakamilika. Nililipanda uani, kando ya uzio, likashika, na baada ya mvua za kwanza likawa kichaka kizuri.

Kwa asiyelijua, isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoutumia kuweka mipaka ya vihamba na kuzungushia makaburi ya wazee. Ukimkosea mtu kosa kubwa, kosa la kutenganisha watu, unakata jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Akishaletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Nimewaona ndugu waliogombania shamba mpaka wakaacha kuzikana wakipatanishwa na jani moja. Tulipokuwa watoto tulichezea kila kitu kilichoota pale nyumbani, lakini isale hatukuligusa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kicheko. Walikuja wageni wa kazini kwake, nikapika machalari, ndizi kwa nyama, na mmoja akasimulia kisa cha mbuzi aliyeingia kanisani. Nikacheka kama tunavyocheka kwetu, kwa kifua chote. Wageni walipoondoka mume wangu akanyamaza. Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kunyamaza kiasi kile. Alikula nilichopika, akavaa nilichofua, akapita kando yangu mlangoni kama anavyopita kando ya kabati. Nilipomwuliza nimekosa nini, alinitazama kwa huruma, akasema, "Kama hujui mwenyewe, basi tatizo ni kubwa kuliko nilivyodhani." Siku zikapita, naye hajafungua kinywa. Nilijichunguza kuanzia utosini mpaka unyayoni, na kila nilipojichunguza nilipata kosa. Mwishowe nilitoka uani, nikakata jani, nikalifunga fundo, nikampelekea kwa mikono miwili. Akalipokea, akanishika bega, akaniita mke wake mzuri, nami nikalia kwa furaha. Ndiyo, kwa furaha. Nilidhani mila imetuokoa.

Hilo ni kosa ambalo angeweza kulifanya Mchaga tu. Nilikuwa nimemwonyesha mwenyewe njia ya kunipitisha, na baada ya hapo hakuwa na haja ya kunitajia kosa. Alitazama tu mlango wa uani. "Unajua pa kwenda," alisema, kwa ile sauti yake ya chini. Nilikwenda kwa sababu ya chumvi iliyozidi. Nilikwenda kwa sababu nilichelewa kwenye foleni ya sukari, kana kwamba foleni ile nilikuwa nimeipanga mimi. Nilikwenda kwa sababu nilimsalimia fundi baiskeli kwa meno yote. Wiki ambayo sikukata jani ilikuwa wiki ya nadra. Wakati mwingine alilipokea papo hapo. Wakati mwingine aliliacha mezani mpaka likanyauka, nami nikafagia kuzunguka ile meza roho ikiwa juu, sijui leo nitasamehewa au kesho.

Halafu kulikuwa na suala la akili yangu. Mwezi wa kumi na moja aliniambia tutapanda Kilema kwa Krismasi, kama watu wote wa mlimani wanavyofanya. Nikafua, nikafunga mizigo, nikanunua kanga ya kumpelekea mama. Siku yenyewe ilipofika akaitazama mizigo, akauliza, "Nani alisema tunasafiri?"

"Wewe ulisema."

"Mimi?" Akaketi, akanishika mkono kama daktari. "Unasikia unachotaka kusikia, mke wangu. Naanza kukuogopea."

Krismasi hiyo mji ulibaki mtupu, nami nilikaa jikoni nikijaribu kukumbuka maneno yake, mahali tulipokuwa tumekaa, alichokuwa amevaa. Kufikia jioni sikuwa na hakika hata na rangi ya shati. Nikamwomba radhi kwa kumsingizia, na nadhani mnajua nilimpelekea nini.

Mungu alikuwa bado hajatujalia mtoto. Kwa hilo hakunisema hata siku moja. Alikwenda kwa majirani, akawaomba wasinisumbue na maswali, kwamba nina maumivu na akili yangu imechoka, na wao, watu wema, wakaacha kunisumbua. Waliacha pia kuja. Akina mama wa kisomo walipopendekeza niwasaidie kufundisha, alicheka kidogo, akaniambia nitawachanganya, kwani mimi mwenyewe najichanganya. Kuimba niliacha kabla hajaniambia niache. Na usiku mmoja, kwa masikitiko makubwa, alinieleza kwamba mama yangu alimwambia nilikuwa mzigo tangu utotoni, na kwamba alishukuru kunitua. "Sikutaka uyajue haya," alisema. Hayo ndiyo yaliyonimaliza. Niliacha kutuma salamu nyumbani.

Mtaniuliza mbona nilikaa. Nilikaa kwa sababu nilimpenda, na siogopi kusema. Nilipougua malaria alinichemshia maziwa, akanishika kichwa ninywe. Alijua wimbo nilioupenda, na siku akiwa na furaha aliupiga mluzi tangu getini, na mimi nikisikia ule mluzi mwili wote ulilegea kwa faraja. Nilidhani mwanamume yule wa mluzi ndiye mume wangu hasa, na yule mwingine nilikuwa namtengeneza mimi kwa makosa yangu.

Mama alikuja bila taarifa, kiangazi, kwa gari la asubuhi, na mkungu wa ndizi kichwani. Mume wangu alikuwa kazini. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nikaanza kuhangaika: nimkaribishe chai au nisubiri ruhusa, nimweke chumbani au sebuleni, mume wangu atasemaje. Mama akasema anakwenda kunawa mikono. Alikawia. Nilipomfuata uani nikamkuta amesimama mbele ya isale langu, na mikono bado haijanawa.

Kwa kweli mimi nilikuwa sijalitazama. Siku zote nilikuwa nakata tu. Kichaka kilikuwa kimekwisha; yamebaki mashina yamejaa makovu, na juu kabisa vijani vichache vichanga ambavyo havijafikia kufungwa fundo.

"Mwanangu," mama akasema, "umeua mtu?"

"Hapana, mama."

"Umechoma nyumba ya mtu?"

"Hapana."

"Sasa haya yote yamekwenda kwa nani?"

"Kwa mume wangu."

"Kwa kosa gani?"

Nikaanza kumweleza. Nilianza na chumvi. Nikaja kwenye kicheko, nikaja kwenye foleni, kwenye fundi baiskeli, kwenye kikombe nilichokiweka upande wa kushoto. Nilikuwa sijawahi kuyasema kwa sauti. Jua lilikuwa kali, mama amesimama na kanga yake ya safari, na mimi najisikia nikitaja makosa ambayo hata mtoto asingechapwa kwayo.

Mama hakucheka wala hakulia. "Baba yako aliniletea isale mara moja katika maisha yake," alisema. "Alinipiga akanivunja mkono huu. Alikuja na wazee, na mbuzi, mchana kweupe, na ukoo mzima unaona aibu yake. Hilo ndilo isale ninalolijua mimi. Haya mnayofanya humu ndani siyajui jina."

Nikamwuliza lile lililokuwa linanila. "Mama, ulimwambia mimi ni mzigo?"

"Nimwambie nani? Mume wako? Yule hajawahi kukaa nami hata kikombe cha chai kikaisha!"

Kulikuwa na beseni la kufulia limegeuzwa pale. Nikalikalia. Kama hilo halikuwa kweli, na Krismasi je? Na yale mengine yote niliyokuwa nimeyaombea radhi? Nilikumbuka shati lake la siku ile aliponiahidi safari. Lilikuwa la kijani. Nilikuwa nimelifua mimi mwenyewe, na nilikuwa na akili zangu timamu.

Tuliondoka mchana ule ule. Chakula chake nilikiacha jikoni kimefunikwa, na chumvi pembeni.

Hakuja upesi. Alisubiri mpaka mvua zilipoanza na mlimani watu wote wamekwisha kujua nimerudi kwetu. Ndipo akaja, mchana kweupe, na wazee wa kwao wakiongozwa na baba yake mdogo, na mbuzi, na jani la isale lililofungwa fundo safi kabisa. Alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo mbele ya watu. Alilia. Alisema hajui alichonikosea, ila kama mume anaomba radhi kwa yote, hata kwa yale niliyoyawaza tu. Wazee wakatikisa vichwa kwa huruma. Shangazi zangu wakafuta machozi.

Baba mkubwa, aliyekuwa amekaa mahali pa baba yangu, akaniambia, "Binti, isale halikataliwi."

Nilijua. Mama naye alijua, na sikuweza kumtazama. Nilikuwa nimeyakata majani mangapi kwa mkono wangu nikimpelekea mtu huyu, na leo analeta lake la kwanza! Nikanyoosha mikono yote miwili, nikalipokea. Nikasema, "Nimekusamehe." Vigelegele vikapigwa mpaka kuku wakatawanyika.

Akainuka, akajikung'uta magoti. "Haya, chukua kanga zako. Gari litatuacha."

"Sirudi," nikasema.

Baba mkubwa akadhani hakusikia vizuri. "Si umepokea isale?"

"Nimepokea, baba. Limedai msamaha, na msamaha nimetoa, Mungu ananisikia. Halikusema nikalale wapi."

Machozi ya mume wangu yalikauka upesi ajabu. Akawageukia wazee, kwa ile sauti ya chini, akasema, "Mmejionea wenyewe. Hiyo ndiyo hali ninayoishi nayo." Na wazee wakaitikia, wa kwake na wa kwetu. Hata baba mkubwa aliitikia. Nilitazama uso baada ya uso nikitafuta mmoja unaoniamini, na mbali na mama sikuuona. Hilo liliniuma kuliko nilivyotegemea, na linaniuma mpaka leo.

Wakaanza kuteremka. Njia ya kwetu ni mteremko mkali wa udongo mwekundu, na mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Alipofika katikati ya mibuni akateleza, akakaa chini kwenye tope na suruali yake iliyopigwa pasi. Hakuwa ameumia. Hakuinuka pia. Aligeuza kichwa akanitazama, akaninyooshea mkono.

Kinywa changu kilikuwa kimeshasema, "Nisamehe." Miguu ilikuwa imeshashuka barazani, niko kwenye mvua, kama vile lile tope nililitandaza mimi. Mama hakunishika wala hakuniita. Watu wote walisimama wakingoja niende nikamwinue, naye alingoja, ametulia kabisa, usoni ana ile huruma yake. Na nilitaka kwenda. Nilitaka kumwinua, nimfute lile tope, nirudi naye mjini nikamchemshie maji ya kuoga. Nikashika tawi la mbuni lililokuwa karibu, nikalishika kwa nguvu, buni mbichi zikapukutika miguuni pangu.

Mwishowe baba yake mdogo aliinama, akamwinua. Wakashika njia, wala hakutazama nyuma tena. Mimi nikakaa chini pale pale kwenye mvua, nikamlilia mume wangu kama anavyoliliwa maiti, huku namwona anatembea, mzima, akijifuta suruali, mpaka migomba ikamficha.