Chupa Mbili Juu ya Kitambaa Kimoja

Nakumbuka Jumapili moja ya Desemba nyumbani kwa Riziki, kule Bredäng, na kabla sijasema lolote nitawataja wote waliokuwepo, maana kisa cha chupa hii kimesimuliwa mara nyingi na kila mara kuna mtu anayeachwa nje. Alikuwepo Riziki, mdogo wangu wa mwisho, mzazi mchanga, kanga kiunoni na macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwepo Elia mumewe, kijana aliyezaliwa hapahapa Stockholm, ambaye mama yake akimsemesha Kiswahili yeye hujibu Kiswidi. Alikuwepo huyo mama yake, Mama Elia, mwenyeji wa Tanga, aliyekuja kwa treni kutoka Flemingsberg na mfuko wake mkononi. Alikuwepo Tumaini, mtoto mwenyewe, tumbo limejaa gesi. Na nilikuwepo mimi, Esta, dada mkubwa. Hakuna mwingine. Wazazi wetu walikuwa wametangulia zamani.

Mwanangu, juzi ulinishika mkono pale dukani Skärholmen, mbele ya rafu ya chupa za watoto, ukaniuliza ipi inamfaa mtoto anayelia kwa gesi. Nikakuambia nitakujibu. Jibu lenyewe ni fupi, ila mimi nililifikia kwa kupitia wivu, na njia ya wivu haina mkato. Nivumilie.

Ujue kwanza Riziki ni nani kwangu. Mama yetu alifariki kambini, kule Kigoma tulikokimbilia kutoka Kongo, Riziki akiwa bado hajaota jino. Baba alikuwa ameshaondoka duniani kabla yake. Nilikuwa darasa la tano. Nikafunga daftari, sikulifungua tena. Maziwa tuliyopata yalikuwa ya mbuzi wa jirani, machache, nami niliyaongezea uji mwembamba wa mtama. Sasa uji haupiti kwenye tundu la chuchu ya chupa. Wanawake wa kambini wakanifundisha: chukua sindano, ichome motoni, toboa chuchu, tundu litapanuka, uji utapita, mtoto atashiba. Riziki alikua kwa chuchu hiyo. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mimba sikulea mimi, lakini kazi niliifanya, na cheti changu cha kazi hiyo kilikuwa lile tundu la sindano.

Basi Riziki alipojifungua, alijifungua kwa upasuaji, akaugua, dawa zikamkausha maziwa. Nesi wa kliniki ya watoto akamwambia ampe mtoto maziwa ya kopo, asijilaumu. Nikaenda dukani mbio. Nilichagua chupa kubwa, nzuri, imechorwa tembo wa buluu, chuchu yake nene. Nikaileta kama mtu anayeleta mahari. Siku ya pili Mama Elia naye akaleta chupa yake. Nyembamba, haina picha, ndani ina mrija wa kupitishia hewa, na chuchu yake laini ina tundu dogo hata huwezi kuliona bila kuinua kwenye mwanga. Nikacheka moyoni. Chupa ya mwanasesere hii.

Chupa zile mbili zikakaa juu ya kitambaa kimoja kando ya sinki, kama wake wenza waliolazimishwa kula sahani moja. Na kila mtoto alipolia, mkono wa Riziki uliipita ya tembo ukachukua ile nyembamba. Nilikuwa nahesabu? Sikuhesabu. Lakini niliona kila mara.

Kulikuwa na jambo jingine lililoniuma zaidi, na hili sikumwambia mtu. Riziki alimwita Mama Elia "Mama." Si "Mama Elia," kama nilivyomwita mimi. "Mama," peke yake. "Mama, maji yamechemka?" "Mama, hebu mwangalie." Mdogo wangu hakuwahi kuwa na mtu wa kumwita hivyo. Mimi niliyemtafunia viazi aliniita Dada, nami niliridhika, kwa sababu nilidhani lile jina lingine lilizikwa pamoja na mwenyewe. Kumbe lilikuwa linamngoja mgeni wa Flemingsberg.

Jumapili ile tulitoka kanisani, Elia akashuka chini kwenye chumba cha kufulia cha jengo maana ilikuwa zamu yao, na unajua zamu ya kufulia katika nchi hii haichezewi. Mama Elia akakaa na mtoto. Alimweka karibu kama anayeketi, akampa chupa kidogo, akaitoa. Mtoto akalia. Akampigapiga mgongoni, akampa tena, akaitoa tena.

"Mama Elia," nikasema, "mtoto ana njaa, mbona unamnyang'anya?"

"Simnyang'anyi, mwanangu. Nampumzisha. Hata wewe ukila ugali unameza tonge, unavuta pumzi."

"Anavuta chuchu mpaka mishipa ya kichwa inamtoka."

"Anajifunza kazi. Baba yake alikuwa mbaya kuliko huyu. Elia alikuwa anajamba kama pikipiki ya mkaa, majirani wa Kiswidi wakidhani tunatengeneza kitu ndani."

Riziki akacheka kutoka chumbani, kicheko ambacho mimi sikuwa nimempa kwa wiki nzima. Moyo wangu ulikuwa umejikunja kama mkono wa bahili.

Baadaye Mama Elia alikwenda kulala kidogo, Riziki akaingia bafuni. Nikabaki jikoni na vyombo. Mshumaa wa Majilio ulikuwa unawaka dirishani. Kwenye kikapu cha kushonea cha Riziki kulikuwa na sindano. Mwanangu, sikuwaza kumdhuru mtoto. Niliwaza: hawa hawajui njaa, mimi naijua. Nikaichoma sindano kwenye mshumaa, nikaipitisha kwenye ile chuchu laini ya Mama Elia. Iliingia kama inaingia kwenye jibini.

Saa ya kulisha ilipofika nikasema, "Leteni, leo namlisha mimi." Nikamlaza chali mapajani, kama nilivyokuwa nikimlaza mama yake kwenye mkeka. Maziwa nilikuwa nimeyatikisa kwa nguvu, povu limejaa juu. Tumaini akameza, akameza, macho yamemtoka, chupa ikaisha kabla chai yangu haijapoa.

"Mnaona?" nikawaambia. "Ilikuwa njaa tu."

Sifa yangu haikudumu. Mtoto alijikunja, magoti yakaja kifuani, tumbo likakaza kama ngozi ya ngoma. Akapiga ukelele ambao sijausahau, kisha maziwa yakatoka mdomoni na puani. Elia, aliyekuwa amerudi na nguo, akadondosha kikapu na kuanza kutafuta simu, akisema Kiswidi haraka haraka kwamba apige namba ya ushauri wa afya. Riziki akanipokonya mtoto. Hakumkumbatia yeye mwenyewe. Alizunguka moja kwa moja akamkabidhi mkwewe.

"Mama, mshike wewe!"

Mama Elia akamgeuza ubavu kwanza, akamfuta pua, akangoja aone pumzi inapita. Kisha akamsimamisha begani, kiganja kikipanda mgongoni taratibu. Tukasubiri. Mtoto akacheua, sauti nzito kama ya mzee aliyeshiba ubwabwa wa harusi. Akacheua tena. Kilio kikageuka kwikwi, kwikwi ikaisha.

Ndipo Riziki akanitazama. "Dada," akasema polepole, "usimlishe tena mwanangu."

Nimezika wazazi, mwanangu. Nimevuka mipaka na mtoto mkononi. Neno lile liliniingia mahali ambapo hayo yote hayakufika. Mtoto niliyemlisha mimi ananikataza kulisha.

Mama Elia akaichukua ile chupa akaenda nayo jikoni. Nilimfuata kwa macho. Alitia maji, akaigeuza juu chini. Chuchu nzima inatakiwa kudondosha tone, tone. Ile ilimwaga mstari kama bomba. Akatazama dirishani, akaona sindano niliyoisahau kando ya mshumaa, ncha nyeusi. Akanitazama. Nilingoja aseme.

Alichukua mkasi, akaikata chuchu vipande viwili, akaitupa kwenye pipa la taka, chini ya majani ya chai.

"Kulikuwa na nini, Mama?" Riziki akauliza kutoka sebuleni.

"Chuchu mbovu, mwanangu. Mimi ndiye niliyeinunua, ningeikagua. Nisamehe."

"Jamani, Mama! Ungeangalia! Angepaliwa je?"

"Kweli. Nisamehe."

Elia naye akamwambia kwa Kiswidi, bila kelele lakini kwa ukali, kwamba vitu vya mtoto si vya kuokoteza. Yule mama akaitikia, "Ja, ja," akachemsha chuchu nyingine mpya kwenye sufuria.

Nilikwenda jikoni nikasimama kando yake. Sikuweza kusema asante. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Kwa nini anakuita Mama?"

Akanishangaa, kisha akacheka kidogo. "Esta, siku zote hizi unanitazama kama mtu aliyeibiwa kuku. Kumbe kuku mwenyewe ndiye huyo." Akachukua ile sindano, akaifuta kwa kanga. "Hii ulimlelea nani?"

"Yeye."

"Basi usiionee aibu. Bila hii leo nisingekuwa na mkwe, wala mjukuu. Lakini Tumaini si mtoto wa njaa. Maziwa yapo tele kwenye kopo. Anachokosa ni utulivu, maana kila funda analomeza linakwenda na upepo. Wewe unamlisha huyu kwa ajili ya njaa ya mama yake." Akageuza chuchu ndani ya sufuria. "Na hilo jina, mwache aniite. Mimi ni mama wa jina tu. Akiota ndoto mbaya anampigia nani simu?"

"Mimi."

"Haya. Mimi hajanipigia hata mara moja, na nina simu mbili."

Jioni mtoto alipoamka, Mama Elia alitandika kitambaa begani kwangu mbele ya wote.

"La, Mama," Riziki akasema. "Si Dada."

"Riziki," akajibu, "wewe ulilishwa na nani?"

Riziki akainama. Nikapewa mtoto. Mama Elia alisimama nyuma yangu akinielekeza kwa sauti ya chini, isisikike kama mafunzo: mkalishe, kichwa kiwe juu, laza chupa, usiisimamishe, hakikisha chuchu imejaa maziwa, isiwe nusu hewa, mguse mdomo, ungoje afungue mwenyewe, sasa pumzika, sasa mcheulishe. Nilitoka jasho kuliko siku ya kuchota maji kambini. Tumaini alinywa, akacheua begani kwangu, akalala shavu likiwa shingoni mwangu.

"Dada ana mkono!" Elia akasema, safari hii kwa Kiswahili. Riziki akanijia akaniegemea upande wa pili. Nikavikwa kilemba, mwanangu, na kilikuwa kilemba cha ukoka. Aliyekistahili alikuwa anasuuza chupa yangu ya tembo, akiipanga kando ya yake.

Sasa shika haya niliyolipia. Chagua chupa yenye njia ya hewa, na chuchu yenye tundu dogo la mtoto mchanga; haba na haba hujaza kibaba, na tumbo la mtoto ni kibaba kidogo. Usilipanue tundu, usitie uji. Maziwa usiyatikise mpaka yatoke povu, yazungushe, yatulie. Mlishe akiwa amekaa nusu, umpumzishe katikati, umcheulishe hata kama analalamika. Mrija na chuchu vioshe kila kipande na uvichemshe, na chuchu ikichakaa itupe. Usinunue picha ya tembo. Mtoto haioni, unajinunulia wewe. Na akilia bila kukoma, akiwa na homa, au akitapika kijani, au haongezeki uzito, achana na chupa na wazee wote, mimi nikiwemo, mpeleke kwa daktari.

La wivu ni refu zaidi. Mkono mmoja haulei mwana. Atatokea mtu atakayemtuliza mtoto wako wewe ukishindwa: mama mkwe, wifi, nesi. Itakuchoma. Sikudanganyi kwamba moto huo huzimika. Mimi hadi leo Riziki akisema "Mama" kwenye simu, kitu kinajikunja hapa kifuani. Kiache kijikunje, ila kisishike sindano.

Mungu akupe usingizi, mwanangu. Akupe mtoto anayecheua kwa sauti, na mikono mingi ya kumpokea, na moyo wa kuihesabu mikono hiyo kuwa yako.

Tumaini sasa ni binti mrefu kuliko mimi. Mama Elia amezeeka, mikono inatetemeka. Kila Krismasi tukikaa mezani Riziki husimulia kisa cha siku ile Mama alipotuletea chuchu mbovu, na watoto hucheka, na Elia hutikisa kichwa. Mama Elia hucheka nao, akitazama ndani ya kikombe chake. Mimi humwongezea chai.

Dawa ya deni kulipa. Krismasi inakuja tena, na Riziki atasimulia.