Mama Yeonju na Mwanamume Aliyepiga Magoti

Pale mtaani kwao Jangheung, tamthilia haikuhesabiwa kuwa imekwisha mpaka Mama Yeonju aseme neno lake. Jina lake hasa lilikuwa Tak Malsun, fundi wa kurekebisha nguo, mjane, mfupi wa kimo na mwenye ulimi usiojua kupumzika. Kila jioni ikifika saa mbili na nusu alikaa sakafuni mbele ya tivii na soksi zake nene, na majirani wawili, Mama Seokjin na Mama Eunbi, walikuja na machungwa yao. Walikuja kumsikiliza yeye kuliko waigizaji.

Ujinga hakuuvumilia. Matajiri wa kwenye tamthilia aliwachukia kwa tabia yao ya kumwagiana maji usoni mahotelini. "Maji yote hayo na hakuna anayekunywa!" Mtu akigongwa na gari akapoteza kumbukumbu, yeye alimtukana mwandishi, si dereva. Sinema ndizo hakutaka hata kuzisikia. Binti yake wa pekee, Yeonju, aliwahi kumpeleka mjini Gwangju kutazama moja iliyosifiwa na dunia nzima. Mle ndani mwanamume alivuta sigara akitazama shamba la vitunguu, akalitazama tena kesho yake, kisha taa za ukumbi zikawaka. "Nimekaa mpaka miguu imekufa ganzi," alisema Malsun wakitoka, "na bado simjui mama yake ni nani."

Ila kulikuwa na jambo moja asilolifanyia mzaha. Mwanamume akipiga magoti na kuomba msamaha, mkewe arudi nyumbani. Yeonju alikua akiisikia hukumu hiyo kutoka sakafuni, tamthilia baada ya tamthilia: "Kapiga magoti, anataka nini tena huyo? Arudi!" Ndiyo maana Alhamisi ile, aliposhuka kwenye basi na masanduku mawili, roho ilikuwa juu juu. Kazi yake ya benki aliiacha alipoolewa, kwa sababu Gitae, mumewe, hakupenda mke anayetoka. Mlango wa mama yake ukifungwa, hakuwa na mwingine wa kubisha.

Alimwambia mama yake palepale jikoni, bila kuzunguka. "Mama, Gitae ananipiga. Sirudi."

Malsun alikuwa anatwanga vitunguu saumu. Mchi ulisimama kidogo, ukaendelea.

"Umekula?"

"Sijala."

"Kaa ule. Kesho tunatia kabichi chumvini."

Hakusema lingine usiku ule, wala mchana uliofuata. Yeonju alikata kabichi kwa hasira, akinyunyiza chumvi kati ya majani na kumchungulia mama yake usoni. Hakuona kitu. Mama aliyekuwa na la kusema kuhusu kila mke wa kila tajiri wa Seoul, leo alikuwa anahesabu mabeseni tu.

Jioni, kabichi zikiwa zimelala uani katika maji ya chumvi, majirani waliokuja kusaidia waliingia ndani na migongo yao inayouma, wakakaa mbele ya tivii. Wiki ile, mke katika tamthilia alikuwa amempiga chenga mume mkorofi na kukimbilia kwa dada yake. Mama Seokjin alimenya chungwa, akauliza lile aliloogopa Yeonju.

"Mama Yeonju, wewe unaonaje? Atarudi?"

"Atarudi," alisema Malsun, macho kwenye tivii. "Sehemu zenyewe zinakwisha. Mume atapiga magoti, watapiga kinanda, atarudi."

"Na ndivyo inavyotakiwa," Mama Eunbi akadakia. "Mwanamke aishi kwa dada yake mpaka lini? Ana wazimu?"

 Simu ya Malsun ililia, naye akaitazama namba kabla ya kupokea.

"Ndiyo, mkwe wangu. Yupo. Kesho tunapaka pilipili. Njoo asubuhi. Njoo na gari."

Yeonju aliinuka. Alimfuata mama yake mpaka jikoni. "Mama, umemwita?"

"Kabichi za mama mkwe wako zimo kati ya hizi. Nani atazibeba?"

"Mama!"

"Kalale, Yeonju. Kesho kazi ni nyingi."

Asubuhi alifikiria basi la kwanza, lakini aende nalo wapi? Akavaa glavu za mpira, akatoka uani, akaanza kusuuza kabichi bombani. Mama yake na wale majirani walikuwa wamechuchumaa kuzunguka beseni kubwa jekundu la pilipili na dagaa waliochachushwa, wakipaka jani baada ya jani. Kila gari lililopita aligeuka kutazama lango.

Gitae aliingia langoni na koti refu jeusi na boksi la mapeasi. Sauti yake ya upole, iliyompendeza kila mtu siku ya harusi, ilisalimia wote. Aliliweka boksi chini, akawatazama wale wanawake watatu, kisha akapiga magoti mbele yao. Suruali ya suti ikalowa maji ya chumvi.

"Mama, nimekosa. Kosa langu ni la kustahili kufa. Nipe nafasi moja tu."

Na akalia, machozi ya kweli, yanayotiririka mpaka kidevuni.

"Masikini! Na suti yake!" Mama Seokjin alijishika kifua kwa glavu yenye pilipili. "Yeonju, mwanangu, njoo umwinue mwenzio."

"Wanaume wangapi wanaweza hivi?" akaongeza Mama Eunbi, naye machozi yanamlenga. "Wangu hata kuinama kuokota soksi hawezi."

Yeonju alisimama na kabichi mkononi, inamchuruzikia miguuni. Alimtazama mama yake akingoja neno. Alilijua tangu utotoni.

Malsun alimkagua mkwewe kutoka nywele hadi viatu, bila haraka, kwa jicho lile lile la kumkagua mwigizaji mgeni.

"Unalia vizuri," alisema mwishowe.

"Mama?"

"Unamwomba nani msamaha?"

"Wewe, mama. Nimekuumiza moyo."

"Mimi ulinipiga lini?"

 Mama Eunbi aliacha mdomo wazi.

"Mke wako yuko nyuma yako," alisema Malsun. "Tangu uingie umempa mgongo. Geuka."

Gitae alisita, kisha akageuka, magoti yakiburuzika kwenye saruji. Sasa aliyeuona uso wake alikuwa Yeonju peke yake. Machozi bado yalikuwepo, lakini macho yalikuwa yale ya nyumbani.

"Chukua vitu vyako," alisema chini chini. "Umeshaniaibisha vya kutosha."

Wale majirani hawakuyasikia maneno yote. Walimwona Yeonju. Mabega yake yalipanda yenyewe mpaka masikioni, mkono ukainuka kukinga shavu, na hakuna mtu aliyekuwa amemgusa.

Malsun aliinuka, akaleta makopo mawili ya kimchi, zile kabichi za pilipili, yaliyokwisha kufunikwa, akayaweka kando ya boksi la mapeasi.

"Haya ni ya mama yako. Mwambie ayaache nje kidogo yachachuke kabla ya kuyaweka kwenye friji. Na mapeasi yako beba."

"Na Yeonju, mama?"

"Yeonju yuko kwao."

"Watu watasema nini?"

"Wataanza hawa wawili," alisema Malsun, akiwaonyesha majirani zake kwa kidevu. "Midomo yao naijua. Waache waseme."

Gitae alibeba, huku amefura, pilipili ikilichafua koti lake. Gari lilipoondoka Malsun alisema, "Mama Eunbi, funga lango," na Mama Eunbi akaenda kulifunga.

Aliyeshindwa kunyamaza ni Mama Seokjin. "Lakini si wewe husema kila siku, akipiga magoti mke arudi?"

"Nasema." Malsun alichuchumaa tena, akachukua kabichi, ikamponyoka.  "Baba yake Yeonju alipiga magoti uani kwa mama yangu. Mama akalia, majirani wakalia, nikarudi. Akanipiga tena, akapiga magoti tena, nikarudi tena. Mlitaka niseme nini mbele ya tivii? Kwamba nilirudi bure?"

Yeonju alimkumbuka baba yake kama mzee mpole mwenye kikohozi. Alikuja akakaa kando ya mama yake, mabega yakigusana, akaiokota ile kabichi na kuipaka. Malsun alichuma jani changa la katikati, akalipaka pilipili, akalikunja na kumlisha binti yake kwa mkono.

"Pilipili imezidi?"

"Imezidi, mama," alisema Yeonju, apate sababu ya kulia.

Haikuwa imezidi. Malsun akachuma jani lingine, akamlisha tena.