Jina Nililolitaja Ghalani

Siku ile, mwaka 1972, tulikuwa tunavuna maharage. Baba, mwalimu wa shule ya misheni kule Burundi, alikuwa akipiga pasi shati lake, na mama akimwonya kwamba makaa yatalichafua. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Lori lilipanda kilima polepole, likawa linasimama kwenye kila nyumba ya mwalimu, hadi likafika kwetu.

Askari walisema ni mahojiano mafupi tu. Baba akavaa shati likiwa bado na joto.

Walimfungia na wenzake katika ghala la kahawa. Kila mchana nilipeleka viazi na maharage, nikamkabidhi askari wa mlangoni. Baba sikuruhusiwa kumwona.

Mwalimu Gaspari, rafiki yake, hakuwapo lori lilipopita. Alijificha kwetu na mkewe mjamzito. Mama aliniambia nisimtaje kwa mtu yeyote.

Siku ya tatu yule askari aliniuliza kwa upole kama nimechoka.

"Nani anawasaidia shambani?"

"Mwalimu Gaspari."

"Yuko kwenu?"

"Yuko."

Kesho yake lori lilirudi.

Walimtoa katikati ya maharage. Hakukimbia.

Kwa siku nne zaidi askari alipokea chakula changu. Siku ya tano nilikuta ghala liko wazi na tupu. Mwanamke mmoja alikuwa akilifagia.

Tulivuka mpaka kwa miguu, mama, mimi na mke wa Gaspari. Alijifungua upande wa Tanzania, akamwita mtoto Domitila. Tukaletwa huku Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, tukafyeka msitu, tukalima tumbaku. Mama yake Domitila nami tulikaa benchi moja kanisani zaidi ya miaka arobaini. Aliamini kwamba mumewe alichongewa na mzee Bukuru, jirani yetu wa zamani, ambaye naye alikimbilia huku. Hakuwahi kumpa mkono, hata msibani. Nilikuwa naona, nanyamaza. Bukuru alikufa, kisha mama yake Domitila naye akafa.

Mwaka huu Domitila, ambaye ni mwalimu kama baba yake, alianza kuwazungukia wazee na simu yake, akiwarekodi kabla hatujaisha. Alifika kwangu mchana.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Aliweka simu juu ya kigoda. Nilimsimulia habari za lori, ghala na viazi. Nilipofika kwa askari mpole, nikasita. Domitila akadhani nimesahau, akanisaidia.

"Ndipo mzee Bukuru akawaambia baba yuko kwenu."

Nilitazama ile simu. Ningeweza kusema ndiyo, na lawama hiyo ingebaki kwa wajukuu wa Bukuru.

"Si Bukuru," nikasema. "Ni mimi."

Hakuizima simu.

"Baba alikuwa amevaa nini siku hiyo?" akauliza.

"Shati la kijani, lina kiraka begani. Miguu mitupu, udongo hadi magotini."

"Mrefu?"

"Mrefu. Alilazimika kuinama kuingia kwenye lori."

Alirudia maneno yale polepole, kama anayejifunza somo. Hakuna mtu aliyewahi kumweleza sura ya baba yake; mama yake hakuweza kuizungumzia. Kisha akachukua simu, akatoka.

Kutoka mlangoni nilimwona akivuka barabara, simu mkononi, hadi nyumbani kwa watoto wa Bukuru. Akapiga hodi, wakamkaribisha. Kwangu hajarudi, na sijamtuma mtu kumwita.