Nilikula kwa Dada Yangu Kama Mgeni

Wasomaji wa ukurasa huu, nimeomba jina langu lifichwe kwa sababu wanangu na wajukuu wangu wanausoma. Mimi ni mwanamume wa miaka sabini na mitatu, nimefiwa na mke, naishi Morogoro katika nyumba yenye vitabu vingi kuliko watu. Nilizaliwa milima ya Usambara, upande wa Vuga, nikaondoka nikiwa na miaka ishirini kufuata kazi ya kiwandani.

Nieleze kwanza kwa nini sikurudi. Baba alifariki katika mwaka wangu wa pili kazini, na barua ikanifikia wiki tatu baada ya mazishi. Nikasema nitakwenda nikipata likizo. Likizo ilipofika matanga yalikwisha kuanuliwa, nikaona aibu kuingia nyumbani mikono mitupu na maneno matupu, nikaahirisha. Mwaka uliofuata aibu ilikuwa kubwa zaidi. Mama naye akafa, na habari nikazipata kwa mtu niliyekutana naye sokoni. Baada ya hapo sikujua pa kuanzia. Kazini nikiulizwa, nilijibu kwamba kwetu hakuna aliyebaki. Lakini nilikuwa na dada, mkubwa wangu kwa miaka tisa, aliyenilea mgongoni mwake.

Miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa, kiwanda chetu kikapata mwenyewe mpya nasi tukapunguzwa. Kabla ya kutawanyika, rafiki zangu wawili, Shabani wa Kilwa na Luka wa Songea, wakataka tufanye jambo la kukumbukwa: tukapande milima mwisho wa wiki, kama Wazungu. Luka alikuwa amesikia kwamba Lushoto wageni hutembezwa vijijini. Kukataa kungenilazimu kujieleza. Nikakubali, ila nikasisitiza tupite msitu wa Magamba, mbali na kwetu.

Jumamosi asubuhi tuliongozwa na mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akitembeza wageni siku zisizo za masomo. Msituni kulikuwa na ukungu, majani yakidondosha maji ingawa mvua haikunyesha. Shabani, mtu wa pwani, alivaa makoti mawili na kulalamika kwamba ametoa pesa zake ili ateswe. Mimi nilibaki nyuma. Miti ile niliijua kwa majina yake ya Kishambaa, na sikumtajia mtu hata mmoja.

Mchana tulitokea upande wa pili wa msitu, mwalimu akatupeleka kwenye nyumba alikoagiza chakula. Mwanamke akatoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa dada yangu. Sikujua kwamba mumewe alipata kazi ya misitu wakahamia huko. Ilikuwa miaka ishirini na moja hatujaonana. Mimi nilikwisha kuwa na kipara na miwani. Tulimwamkia shikamoo sote watatu, akaitikia marahaba, nami nikainamisha macho.

Alitupakulia ugali, maharage na mboga za majani. Akawa anauliza mmoja mmoja anatoka wapi. Nikasema Morogoro. Shabani akadakia:

"Mama, huyu hana kwao. Sisi tulimkuta kiwandani pamoja na mashine."

Luka akacheka. Dada hakucheka. Alinitazama, akauliza taratibu:

"Hata mama hakuwa naye?"

Nikameza tonge, nikasema mama alikwisha kufariki. Akanipa pole, kisha akaniongezea maharage bila kuniuliza.

Tulipoaga alitusindikiza. Wageni wa kulipia husindikizwa hadi mwisho wa ua, na hapo mwalimu alisimama akamshukuru. Yeye akaendelea. Nyumbani kwetu, mtu wa familia anayekwenda mbali alisindikizwa mpaka mahali ambapo nyumba haionekani tena. Dada akapita nasi mashamba ya kabichi, akapanda kilima, pumzi zikimwishia. Shabani akamtania kwamba amempenda mwenye kipara. Yeye akazidi kupanda. Nilikuwa hatua mbili mbele yake, na nilichotakiwa kufanya ni kugeuka tu. Nyumba ilipopotea nyuma ya mgongo wa kilima, akasimama.

"Mimi naishia hapa. Mwende salama." Kisha akanielekea mimi. "Na wewe, nimekuona."

Nikateremka na wenzangu. Niliwaza Shabani na Luka watanitazamaje wakijua nimewadanganya miaka yote ile. Hiyo ndiyo sababu yangu, wasomaji, na sina nyingine iliyo nzuri zaidi.

Rafiki zangu hao wote wawili wamekwisha kufariki. Mwezi uliopita binti yangu, bila kuniambia, alitafuta ndugu zetu kwa simu akampata mtoto wa dada. Akaambiwa mama yao yuko hai, ana miaka themanini na miwili, na akili yake ni timamu isipokuwa kwa jambo moja: tangu zamani husema mdogo wake alikuja, akala, akaondoka.

"Tumezoea, dada," mtoto huyo alimwambia binti yangu. "Tunamwitikia tu."

Wajukuu humtania. Akipita mtu mwenye kipara barabarani, humwita: bibi, njoo, mdogo wako amefika. Binti yangu alinisimulia hayo akitabasamu kwa huruma. Mimi nilikwenda chumbani nikafunga mlango.

Sasa amepanga safari ya mwezi ujao. Anafurahi kwamba nitamwona dada kwa mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya hamsini, nami sijamsahihisha. Nikiusema ukweli, mwanangu atajua kwamba nilipokuwa nikimwambia hana shangazi, nilikuwa nimekula chakula cha shangazi yake. Nikinyamaza, dada atakufa akihesabiwa mtu wa kuota mchana, na shahidi wake wa pekee ni mimi.

Nyinyi mlio wengi humu, nipeni njia. Nimwambie binti yangu kabla hatujaondoka, au nisubiri nikaseme pale kwa dada, wajukuu wake wote wakisikia? Na nikishafika mlangoni, nimwamkie kama nani? Huruma yenu sihitaji. Niambieni nifanye nini.