Programu Iliyomzungusha Baba

Kazi yangu hapa Maskati ni kuifundisha programu ya kompyuta kupatana na watu. Mchezo wenyewe ni wa ubao: kila mchezaji ana nchi yake, bandari zake na vijeshi vyake vya mbao. Kabla ya kila hatua wachezaji huandikiana kwa siri, huahidiana, huombana msaada, kisha wote hufunua hatua zao kwa pamoja. Hapo ndipo unapojua nani alikuwa rafiki yako. Programu hujifunza kwa kucheza na watu, na vijana wa ofisini kwetu walikuwa wameshaifunza jambo moja tu, kuongopa. Bosi akataka watu wazima. Nikamleta baba yangu, mstaafu wa serikali aliyezeekea mikutanoni.

Nilitaka pia niwe naye peke yangu garini, nimuulize habari ya posa yangu. Mwanamme niliyemtaka ni wa Mombasa, fundi wa mitambo ya hospitali hapa hapa mjini, mtu wa dini na adabu zake. Mjomba wake alipanda ndege kuja kumposea. Baba alimkaribisha kwa halua na kahawa, akamuuliza hali za wote kwao, akamwambia, "Tupeni muda, tuzungumze na jamaa." Bila ya baba kukubali mimi siolewi, maana ndiye walii wangu. Mjomba akarudi kwao kungoja, nasi tukangoja huku, mwezi baada ya mwezi. Kila nilipomuuliza, baina ya nyumbani kwetu Madinat Sultan Qaboos na ofisini, baba alinijibu kwa upole: "Usiwe na pupa, mwanangu. Mambo haya yana wakati wake."

Mchezoni alikuwa hatari. Hakuongopa hata mara moja, maana hakuahidi kitu. Ukimuomba muungane dhidi ya adui, alikuandikia salamu ndefu, akalisifu shauri lako, akasema atalitazama. Wewe unamngojea, vijeshi vyako vimesimama, yeye huyoo anachukua ardhi upande wa pili. Vijana walimshangilia. Mimi nilizisoma zile jumbe kwenye skrini na roho inaniuma, kwani nilizijua neno kwa neno.

Programu nayo ilikuwa ikijifunza. Siku moja baba alizingirwa, akaiomba imsaidie mpakani, la sivyo nchi yake inakwenda. Ikamshukuru, ikamuombea afya, ikasema shauri lake ni zuri sana ila inaomba muda kidogo. Akaandika tena. Ikaomba muda tena, kwa heshima zote. Mchezo ulipokwisha hakubakiwa na bandari hata moja, na programu ilikuwa haijamkubalia wala kumkatalia.

Baba alipiga meza, vijeshi vikaanguka chini. "Huyu ananizungusha! Kama hataki, si angenambia hataki, nkajua la kufanya? Adabu gani hii, kumuweka mtu roho juu?"

Vijana walicheka, wakatoka kwenda kunywa chai. Tukabaki wawili.

"Na yule mzee wa Mombasa, baba?" nikamuuliza. "Naye yuko roho juu mpaka leo. Na mimi pia."

Hakukasirika. Ningefurahi angekasirika. Aliinama akaanza kuviokota vile vijeshi, akivirudisha kisandukuni.

"Jibu nnalo tangu siku ile ile aliyokuja," akasema. "Sisi hatuozi kule. Nlidhani umeshafahamu, mwanangu."

Tangu siku ile ile! Na miezi yote hiyo mwenzangu alikuwa akinitumia picha za nyumba aliyoipanga, akiniuliza ukuta wa sebule aupake rangi gani, nami namchagulia.

Bosi aliisifu sana programu. Alisema sasa imepevuka. Mimi nilitoka nje nikapiga simu. Nilikuwa wa kwanza katika nyumba yetu kulitamka lile neno hapana, nikamtamkia mtu niliyempenda, kwa sababu baba yangu ni mpole mno. Upole huo sijamsamehe.