Ufunguo Mmoja kwa Zahanati Tisa

Saa tatu na robo asubuhi. Fundi wa programu anabonyeza kitufe, anasubiri, kisha anasoma maandishi mekundu kwenye kompyuta yake: hana ruhusa. Ni mara ya sita tangu aketi.

“Ruhusa nimepewa saa moja tu iliyopita,” anasema. “Sasa inasema hainijui. Mwaka wa tatu huu tunajuana.”

Mama huyu wa miaka thelathini na minne anafanya kazi katika chumba kimoja juu ya duka la vioo. Anatengeneza programu ambayo zahanati tisa hutunzia majalada ya wagonjwa. Majalada yamefungwa, na ufunguo wake, yaani msimbo wa siri wa kuyafungulia, hauko ofisini. Unatunzwa na huduma ya mtandaoni, kwenye mitambo iliyo mbali. Akibadilisha hata rangi ya kitufe, akitaka kujaribu, lazima programu ikabishe hodi huko kwanza. Mtandao ukikatika, kazi imelala.

Mwenzake wa meza ya pili alimshauri apakue majalada yakiwa wazi, ajifanyie kazi kwa amani. Alikataa.

“Dada yangu anatibiwa kwenye mojawapo ya zahanati hizo,” anasema. “Na kompyuta hii nilishawahi kuisahau kwenye teksi.”

Mara tatu alimwomba bosi ufunguo wa pili, wa majaribio tu. Mara tatu akajibiwa, “Tutaangalia.”

Mwezi uliopita yakamfika. Alitaka kuona programu itafanyaje ufunguo ukizimwa, akauzima. Lakini ulikuwa ni huohuo mmoja. Kwa dakika arobaini na moja, zahanati zote tisa hazikuweza kufungua jalada hata moja.

Simu ya kwanza ilitoka kwa muuguzi mmoja mtu mzima.

“Mwanangu, nina mgonjwa hapa, kuna dawa inamdhuru. Imeandikwa humo na humo hamfunguki. Nimchome sindano au nimwache?”

“Msubirishe, mama. Ni mimi niliyefunga.”

“Basi fungua,” muuguzi akasema.

Mgonjwa alisubiri, akatibiwa salama. Kesho yake fundi aliingia kwa bosi bila miadi.

“Nilimwambia sitagusa kitu mpaka nipate ufunguo wangu. Aliupata kwa dakika kumi. Dakika kumi! Mwaka mzima nilikuwa naambiwa tutaangalia.”

Bado ruhusa humwishia kila saa, na bado anaisonya kompyuta. Sasa anaandika kiprogramu kidogo kitakachokaa hapohapo mezani na kuigiza ile huduma ya mbali, kwa wagonjwa wa kubuni, ili anayejaribu asiuguse kabisa ufunguo wa kweli. Anataka kikamilike kabla ya fundi mpya kuanza kazi mwezi ujao.

“Huyo anayekuja, hata akitaka kuuzima ule wa zahanati, asiweze,” anasema. “Mimi niliweza. Hapo ndipo penye kosa.”